Gauni la Nyumba Nzima

Anayepiga pasi nguo za watu mwaka baada ya mwaka hupata macho ya namna yake. Akialikwa harusini hamwoni bibi harusi, anaona mikunjo. Anaona aliyepiga pasi alianzia wapi, alichokea wapi, na wapi alikuwa anapiga soga huku mkono unakwenda wenyewe.

Ndivyo alivyokuwa Pasi. Jina la kuzaliwa alikuwa nalo kama watu wote, lakini kule dobi, walikofua mashuka ya hoteli na vitambaa vya meza vya kumbi za sherehe, jina hilo lilishapotea kwenye mvuke. Wenzake walimwita Pasi. Jina likamfuata mpaka nyumbani, na siku mama yake mzazi alipomwita hivyo mbele ya wageni, akaitika. Alikuwa mtu wa kuitika.

Alikuwa amevuka umri ambao majirani huuliza "lini?" akaingia ule ambao hawaulizi tena, wanakuonea huruma kimya kimya, na huruma ya jirani ni nzito kuliko gunia la chumvi. Baba yao alifariki yeye akiwa anamaliza shule. Mama akabaki na wasichana wawili na kifua kisichotaka baridi. Pasi akaingia dobi. Mdogo wake, aliyeitwa Kitinda kwa kuwa ndiye aliyefunga uzazi, akaendelea na masomo, akayaacha. Akajaribu ususi, akauacha. Akajaribu kupumzika, hilo akaliweza.

Kisha Mungu akamleta Seremala. Alikuja dobi kukaza miguu ya meza za kupigia pasi, na alipokuwa chini ya meza ya Pasi aliuliza, bila kuinua kichwa, "Huu mkono umeungua mara ngapi?"

"Kama wewe vidole vyako ulivyovigonga."

Akacheka mpaka nyundo ikamponyoka. Baadaye alirudi kuikagua meza ile ambayo haikuwa na tatizo, akairudia tena, na mwisho akaleta wazee wake nyumbani kwa adabu zote. Siku ile ya posa, wageni walipoondoka, Pasi alipiga magoti chumbani akamshukuru Mungu muda mrefu hivi kwamba mama aligonga mlango akidhani mtoto amelala na taa inawaka.

Tangu siku hiyo Seremala akawa anamwita "mama watoto", na Pasi akawa anageuza uso pembeni ili asionekane anavyofurahi.

Jumamosi yake ya mapumziko ilipofika, wakatoka watatu kwenda kutafuta gauni: Pasi, Kitinda, na shangazi yao, dada wa marehemu, mwanamke mwenye maneno mepesi na miguu mizito. Maduka ya harusi yalipangana mtaa mzima, kila moja na masanamu yake ya plastiki mlangoni, yasiyo na vichwa, yamevalishwa meupe. Vijana wa madukani waliita kila aliyepita. "Karibu bibi harusi. Karibu mama mkwe."

"Mama mkwe ni bibi yako," shangazi alimjibu mmoja, naye kijana akasema bibi yake angefurahi kupata posa kwa umri ule. Shangazi akacheka, akaingia dukani kwake kwa sababu hiyo tu.

Gauni la kwanza lilikuwa na manyoya mabegani. Shangazi alilizunguka, akalitazama mbele na nyuma. "Hili ni gauni au kuku aliyenyeshewa?" Wakatoka.

Duka la pili muuzaji aliitazama mikono ya Pasi, makovu ya kuungua yaliyopandana kutoka kiganjani hadi kiwikoni, akasema kwa sauti ya mtu anayesaidia, "Kwa mikono hii, dada, tuangalie lenye mikono mirefu." Kitinda akafyatua kicheko, akaziba mdomo. Pasi hakuona ubaya. Lilikuwa neno la kweli.

Duka la tatu ndilo. Lilikuwa la mwanamke aliyeitwa Mama Shela, dogo, limebanana, na mwishoni kabisa, nyuma ya nguo zenye kumetameta, lilining'inia gauni la satini lisilo na mbwembwe. Mikono mirefu, shingo ya heshima, na mgongoni vifungo vidogo vilivyovishwa kitambaa kile kile. Pasi alilishusha, na kabla hajalitazama usoni akaligeuza nje ndani. Akapitisha kidole kwenye mishono.

"Dada, watu huangalia nje," alisema Mama Shela.

"Nje mtaangalia nyinyi. Mimi nitakuwa ndani."

Lilikuwa kubwa kwake, lakini kubwa si kosa, kubwa hupunguzwa. Alilipia siku ile ile kwa akiba yake ya dobi. Mama Shela akasema fundi yuko chumba cha nyuma, ila fundi huyo hafanyi kazi mwisho wa wiki, na kwa satini hakubali kufanya kwa makadirio. Bibi harusi inabidi aje asimame, apigwe pini, aje tena, mpaka likae.

Hapo ndipo shida ilipoanza, nayo ilianza kama shida ndogo. Msimamizi wa dobi hakuwa mtu mbaya, ila alikuwa na jibu moja kwa kila ombi. "Harusi ni yako," alimwambia Pasi, "mashuka ni ya watu." Siku za kazi hakuna kutoka.

"Sasa linawashinda nini?" alisema shangazi jioni ile. "Hawa si mwili mmoja? Mpelekeni mdogo akapimwe."

Na kweli walikuwa mwili mmoja. Ilikuwa habari ya zamani pale nyumbani. Walipokuwa watoto mama hakuweza kushona nguo mbili za kutokea, akawa anashona moja. Mmoja aliivaa asubuhi kwenda kusali, akirudi anaivua, mwenzake anaivaa kwa safari ya jioni. Kitambaa hakikupata nafasi ya kupoa. Na siku ambayo safari ilikuwa moja na wote walitaka kwenda, mama alikuwa na sentensi yake, haikubadilika neno wala sauti: "Mwachie mdogo wako." Pasi akavua, akabaki nyumbani na sufuria. Hakuna aliyeliona kuwa jambo. Nguo ilikuwa ya nyumbani.

Basi Kitinda akaenda kupimwa. Na kwa kuwa njia ya dukani ilipita karibu na karakana ya Seremala, na Seremala alikuwa anajihimiza kumaliza kitanda chao cha ndoa, Pasi akawa anapika kabla ya kwenda kazini, anafunga chakula kwenye bakuli, anamwachia mdogo wake. "Mpelekee shemeji yako kingali cha moto." Kitinda mwanzoni alinung'unika kwamba jua ni kali. Baadaye hakunung'unika tena, na Pasi akamshukuru Mungu kwamba mtoto ameanza kukua.

Kadi za mwaliko zikachapishwa. Mchapaji, kwa haraka zake, akaruka jina la bibi harusi. Kadi zikatoka zikisema tu kwamba familia inawakaribisha kwenye harusi ya binti yao mpendwa na kijana fulani wa kazi ya useremala. Mama alitaka zirudishwe. Pasi ndiye aliyesema haidhuru. "Wanaokuja wananijua."

Wiki zikaenda, zikawa miezi. Pasi akirudi jioni, miguu imevimba kwa kusimama, aliuliza, "Linakaaje?"

"Linakaa," Kitinda alijibu.

"Kiunoni?"

"Nimesema linakaa, dada."

Kitinda akaanza kulala mchana. Mama akasema ni joto. Kitinda akawa hawezi harufu ya vitunguu. Mama akasema ni tumbo, limechafuka. Na Pasi, yeye aliyeweza kuona mkunjo wa nguo ng'ambo ya barabara, nyumbani kwake hakuona kitu. Wahenga walisema kikulacho ki nguoni mwako. Maskini, yeye nguo yenyewe alikuwa hajaivaa.

Kisha boila ya dobi ikafa. Ilikohoa asubuhi, ikatoa moshi mweusi, ikanyamaza, na bila mvuke hakuna kazi. Msimamizi akawaruhusu watu waende. Ilikuwa siku ya kazi, jua liko juu, na Pasi akajikuta barabarani mikono mitupu kama mtoto aliyetoroka shule. Akasema moyoni, leo nikalione gauni langu.

Mama Shela hakuwepo. Chumba cha nyuma alikaa fundi, mwanamke wa makamo mwenye futi shingoni na pini mdomoni, anayezungumza vizuri kabisa na pini zake bila hata moja kuanguka.

"Nimekuja kuangalia gauni la satini," alisema Pasi. "Lenye vifungo mgongoni."

"Aa, la yule binti mcheshi. Wewe utakuwa dada yake, mmechangia pua. Kaa, mwanangu." Fundi alilishusha gauni kutoka kwenye msumari. "Mwambie mdogo wako nampenda ila ataniua. Mara ya kwanza nililipunguza, likamkaa kama ganda linavyokaa kwenye ndizi. Akarudi, halifungi. Nikafumua, nikatoa. Akarudi tena, halifungi. Nikafumua tena. Sasa akiba yote ya mshono imekwisha. Kitambaa kilichobaki humu ndani hakimtoshi hata sisimizi koti."

"Labda amenenepa," alisema Pasi.

"Kunenepa?" Fundi akatoa pini mdomoni ili acheke vizuri. "Mtu akinenepa, mwanangu, hunenepa mpaka mikono. Yule mikono ni ile ile, shingo ile ile. Kinachokuja mbele ni kimoja tu. Mimi sisemi kitu, wengi siku hizi wanakuja hivyo, na Mungu ni mwingi wa rehema. Alimradi mwenyewe asikimbie. Na yule hakimbii. Juzi alikuja naye, akakaa hapo hapo ulipokaa, kamshikia mkoba, vumbi la mbao mpaka kwenye kope. Nikamwambia, bwana harusi, tafadhali usiguse kitu cheupe."

Pasi aliinuka kwenye kigoda kama mtu aliyekalia kaa la moto. Halafu akasema, kwa sauti yake ya kila siku, "Nataka kulijaribu."

"Wewe?"

"Tuna mwili mmoja."

Fundi akamfunga vifungo kimoja kimoja, akiendelea kusimulia juu ya bibi harusi mwingine aliyezimia kwa kubanwa. Kwenye kioo Pasi akajiona. Mabegani lilimkaa. Mikono iliyafunika makovu yote, mpaka mwisho. Kifuani lilimkaa kama alivyowahi kuota. Na kiunoni lilisimama mbali naye, kama mtu aliyegoma kumsogelea. Aliingiza ngumi kati ya satini na tumbo lake, ikaingia yote, ikabakia nafasi.

"Unaona," alicheka fundi, "wewe ungeingia na mzigo wako." Kisha akamwona usoni kwenye kioo. Kicheko kikamkauka. "Mwanangu, bibi harusi ni nani?"

"Ni mimi."

Fundi akaokota pini zake mezani, akazichoma kwenye kifundo cha nguo mkononi mwake, polepole, kama mwenye kuhesabu dhambi. "Nisamehe, mama," alisema mwisho. Hakusema tena mwanangu. "Nililetewa mtu, nikapima."

"Hukukosea," alisema Pasi. "Umepima vizuri. Nifungue."

Karakana haikuwa mbali. Seremala alikuwa anapiga msasa kichwa cha kitanda, ameinama, fulana imelowa mgongoni. Alipomwona alisimama wima. Hakumwita mama watoto.

"Hujaenda kazini?"

"Kitanda kimefika wapi?"

"Kimebakia vanishi."

"Cha nani?"

Akarudia kupiga msasa pale pale alipokwisha kupiga, ubao ukawa unapungua bure. "Ningekuambia," alisema.

"Lini?"

"Nilitaka kwanza nikimalize."

Pasi nusura acheke. Wapo watu wa namna hiyo, hawawezi kuvunja nyumba ya mtu mpaka kwanza wapake vanishi.

"Wewe ulikuwa huonekani," alisema Seremala, macho kwenye ubao. "Kila siku naletewa chakula, tunakaa, tunaongea. Mtu huzoea."

"Chakula nilipika mimi. Nilikuwa naamka kabla ya majogoo."

"Najua," alisema. "Kilikuwa kitamu."

Alisema kwa shukrani ya kweli, na hilo ndilo lililomchoma Pasi kuliko yote. Aliondoka bila kuaga. Njiani alijaribu kusali, na sala haikupita mwanzo wake. Alisema "Ee Mungu", akasema tena "Ee Mungu", akafika nyumbani bado yuko hapo hapo.

Mama alikuwa uani anachambua maharage kwenye ungo. Shangazi amezamisha miguu yake kwenye beseni la maji. Kitinda amelala ubavu kwenye mkeka kivulini.

"Mbona mapema?" mama aliuliza.

"Boila imekufa. Nimepitia dukani kwa Mama Shela."

Mkono wa mama ukasimama katikati ya maharage. Haukushtuka, haukuuliza, ulisimama tu, na kwa mkono ule Pasi akajua kwamba mama anajua. Akamtazama shangazi. Shangazi akayatazama maji.

"Tangu lini, mama?"

"Tulikuwa tunatafuta namna ya kukuambia."

"Nani na nani?"

"Mimi nilisema aambiwe," alisema shangazi. "Mungu shahidi yangu, nilisema."

Kitinda akaketi. Uso ulikuwa umevimba kwa usingizi, na kwa mara ya kwanza Pasi aliona jinsi alivyoweka kiganja tumboni, kama mtu anayezuia kitu kisianguke. "Dada," alisema, "mimi sikwenda kumtafuta. Ulinituma. Chakula ulinituma, vipimo ulinituma. Nilivaa gauni, naye akaniona. Wewe hukuwahi kulivaa mbele yake hata siku moja."

"Nilikuwa kazini."

"Siku zote ulikuwa kazini."

"Na wewe ulikuwa unakula nini siku zote hizo?"

Kitinda akaanza kulia, na alipolia mama akaweka ungo chini, kama alivyozoea tangu yule ni mchanga.

"Basi, basi. Sikiliza, mwanangu," mama alimwambia Pasi. "Kosa ni kosa, siwezi kuliita jina jingine, na nimelilia mbele za Mungu. Lakini wewe una kazi. Una mikono, Mungu amekupa nguvu. Huyu ana nini? Ana tumbo. Watu tumewaalika, ukumbi tumeushika, wazee wa upande wa pili wamekubali ili kuficha aibu. Na kadi," akasita.

"Kadi hazina jina," alimalizia shangazi, kisha akajiuma ulimi, lakini neno lilishatoka, likawa limekaa nao pale uani kama mgeni.

Mama hakulikanusha. Alimtazama binti yake mkubwa kwa macho yenye machozi, na kwa sauti ile ile ya zamani, haikupanda haikushuka, akasema, "Mwachie mdogo wako."

Pasi aliingia ndani. Alichukua nguo zake za kazi, kanga, kitabu chake cha sala na picha ya baba. Vyote vikaenea kwenye mfuko mmoja wa kubebea mashuka. Alipotoka mama alimshika mkono pale kwenye kovu jipya, bila kujua.

"Usitutie aibu kwa majirani kwa kuondoka hivi."

"Aibu siondoki nayo, mama. Nimeiacha hapo kwenye mkeka."

Alihamia kwa mwenzake wa kazini, mwanamke mnene wa kitengo cha kutia wanga, ambaye kwa hiyo walimwita Wanga. Chumba kilikuwa kimoja na kitanda kimoja, wakalala mzungu wa nne, kichwa huku, miguu kule. Wanga hakumuuliza kitu. Ila kila jioni alimtukana Seremala kwa nusu saa, kwa utulivu, kama mtu anayesoma dua.

Boila ikatengenezwa. Siku ya mwisho kabla ya harusi, mvuke ukiwa mwingi na matoroli ya mashuka yamejaa mpaka mlangoni, mlinzi alikuja kumwambia Pasi kuna mzee wake getini. Alikuwa mama. Amesimama juani na mfuko mkubwa wa plastiki mikononi, ameubeba kama mtu aliyebeba mtoto mgonjwa.

"Lilikunjwa likawekwa chini ya sanduku," alisema mama. "Limeharibika kwa mikunjo. Mama Shela amefunga duka, na mtu wa mtaani nimeogopa, ataliunguza. Satini, mwanangu. Hakuna mwingine anayeiweza."

Pasi alitazama mfuko. Kisha akamtazama mama, kifua chake kikipanda na kushuka kwa safari ya miguu.

"Kwanza niambie ni la nani."

"Mwanangu."

"Niambie tu. Nililichagua mimi, nikalilipia mimi. Sema ni la nani, nitalipiga pasi."

Mama alifungua mdomo. Lingekuwa neno fupi. Angeweza kusema ni lako, na mimi naamini Pasi angeyabeba mengine yote. Lakini huyu alikuwa mama wa wawili, na alishazoea kugawa kwa namna moja tu. "Ni la nyumbani," alisema.

Pasi akatikisa kichwa polepole, akapokea mfuko.

Ndani, habari ilishatangulia. Wanawake wa pasi walisogeza mashuka pembeni wakampa meza nzima, meza ile ile aliyoikaza Seremala. Wanga akaja na mikono yake myeupe kwa wanga, akasimama karibu. "Sikiliza, shoga yangu," alinong'ona. "Weka pasi kifuani, halafu uitwe. Mimi nitakuita. Njoo mara moja, nitasema, na wewe utakuja, na pasi utaisahau. Nani hajawahi kusahau pasi?"

Pasi aliijaribu pasi kwa tone la maji. Tone likachemka likatoweka. Ilikuwa ya moto wa kitani, moto ambao satini haiwezi kuuvumilia hata kwa pumzi moja. Aliishika hivyo juu ya gauni, na wanawake wote pale, mikono yao ikiendelea kufanya kazi, walikuwa wamesimama kwa macho.

Akapunguza moto.

Akaligeuza gauni nje ndani, akatandika kitambaa chembamba juu yake, akaanza na mikono, kisha mabega. Alipofika kiunoni aliona mistari. Pale mshono wa kwanza ulipofumuliwa palibaki safu ya matundu madogo ya sindano, na satini ikishatobolewa haifumbi. Ule mstari wa ndani kabisa, ulio mwembamba kuliko yote, ndio uliokuwa kiuno chake. Alipitisha pasi juu yake, akarudia, akatia mvuke, akarudia. Matundu yakabaki. Kwa nje hayataonekana. Kwa nje watu wataangalia vifungo.

Baadaye walimsifu. Walisema Pasi ana moyo wa dhahabu, amesamehe. Mpaka kwenye nyumba ya ibada alitajwa kama mfano, jina halikutajwa lakini watu waligeuka. Wasingemsifu kama wangejua. Haukuwa moyo. Moyo ulitaka kuunguza. Ni mkono tu uliokuwa haujui kuharibu kazi, na Mungu peke yake ndiye ajuaye kama hilo linaandikwa upande wa mema.

Alimrudishia mama gauni getini, limening'inizwa, halina hata mkunjo mmoja.

"Mungu atakulipa," alisema mama.

"Mungu asisumbuliwe, mama. Yeye hakuchukua kitu changu."

"Utakuja kesho?"

"Umesema gauni ni la nyumbani," alisema Pasi. "Kuna la nyumbani lipi tulilolitaka wote, mimi nikalivaa nikatoka nalo? Nitakuwa kazini."

Na siku ya harusi alikuwa kazini. Wanga alijitia anaumwa ili akae naye, wakakunja mashuka ya hospitali mpaka jua likazama, na sauti ya vicheko vya watu waliopita barabarani wakielekea sherehe ilisikika kupitia dirisha la juu, ikapita.

Siku iliyofuata gari la kumbi likaleta mzigo wake. Pasi akawekewa vitambaa vya meza kuchagua, vya rangi huku, vyeupe kule, vyenye nta peke yake. Kile kirefu cha meza kuu alikijua bila kuambiwa, kwa maana ndicho peke yake kilichokuwa na marinda, na wiki mbili nyuma alikuwa amekipiga pasi yeye mwenyewe, rinda kwa rinda. Akakitandaza. Palikuwa na tone la mchuzi upande wa wazee. Palikuwa na alama ya mdomo mwekundu, mahali mtu alipojifuta kwa pembe ya kitambaa kwa kukosa adabu au kwa kulia. Katikati, walipokaa wawili, palimwagika krimu ya keki, na mtu alijaribu kuifuta kwa maji ya moto, akaifungia humo humo.

"Hicho ndicho?" aliuliza Wanga kutoka kwenye beseni lake.

"Ndicho."

"Kitupe. Sema kimechanika."

Pasi alikinusa ile krimu, akakwangua kidogo kwa ukucha. Kisha akachukua ndoo ya maji baridi, kwa kuwa doa la namna hiyo halitaki moto, akakizamisha, akakikandamiza kwa mikono miwili mpaka kikaacha kutoa mapovu.

"Ni cha ukumbi," alisema. "Jumamosi kuna harusi nyingine."